Taa za Manono zitazame chini

Manono, mji wetu wa machimbo nchini Kongo, unasubiri umeme. Mtaani kila mtu ana hesabu yake: huyu atanunua friji auze maji baridi, yule atafunga mashine ya kusaga mahindi na mihogo, mwingine anataka tu watoto wasome usiku bila kuvuta moshi wa koroboi. Mimi ni mpiga picha, na mpiga picha asiye na umeme hushinda akizunguka na betri mfukoni akitafuta pa kuchaji. Nautaka umeme huo kama jirani zangu wote. Lakini kabla nguzo hazijasimikwa na taa hazijafungwa barabarani, migodini na kwenye nyua za makampuni, nina ombi kwa wanaopanga kazi hiyo: kila taa ya nje ifunikwe juu, mwanga wake ushuke njiani kwa watu, usipande angani. Juu ya vichwa vyetu kuna mali ambayo miji mingi ya dunia imekwisha kuipoteza, nasi tunaweza kuipoteza katika miaka michache tu.

Mchana kazi yangu ni ile inayojulikana: picha za vitambulisho, harusi, ubatizo, wanafunzi waliomaliza shule na wanataka kushika cheti mbele ya ukuta uliopakwa rangi. Usiku wa kiangazi kazi yangu ni mbingu. Mvua zikishakatika, mwezi wa tano, natoka na kamera hadi kwenye vilima vya changarawe vilivyoachwa na wachimbaji wa bati wa zamani, pembezoni mwa machimbo. Mwezi wa sita na wa saba hakuna mawingu ya kulizuia joto la mchana, nalo linatoroka upesi jua likizama. Ikifika saa saba usiku, mtu aliyesimama mahali pamoja anahitaji koti, kofia ya sufu na chupa ya chai ya moto. Wenzangu wa mtaani hushangaa kwamba naacha kitanda kwa ajili ya nyota. Hushangaa mpaka waone picha.

Walionitia hamu ya kazi hii ni wapiga picha wa mbali sana na hapa. Simu zimetuletea kazi zao: mapazia ya kijani yananing'inia juu ya theluji, Tromsø kule Norway, Abisko kule Sweden, Rovaniemi kule Finland, Fairbanks kule Alaska. Ndizo nuru za kaskazini. Watu hukata tiketi za ndege, hulala hotelini, huvaa nguo juu ya nguo na kusimama kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ili wazipige picha. Jua hurusha chembechembe zenye umeme, usumaku wa dunia unaziongoza kuelekea kwenye ncha, na huko zinagongana na hewa kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi. Oksijeni iliyogongwa hutoa kijani, ya juu zaidi hutoa wekundu, na naitrojeni huongeza zambarau na waridi. Kwa sababu ni usumaku unaoongoza, nuru hizo hukaa katika mviringo unaozunguka ncha ya kaskazini, na nyingine kama hizo huzunguka ncha ya kusini.

Haziji Manono. Hata usiku wa tarehe 10 Mei 2024, dhoruba ya jua ilipokuwa kali kuliko zote za miaka ishirini iliyotangulia na wapiga picha wa Afrika Kusini na Namibia wakanasa wekundu upande wa kusini, sisi tulio nyuzi 7 tu kutoka ikweta tulibaki nje ya karamu hiyo. Kijana wa Manono akiziona picha zile hujiambia kwamba mbingu nzuri ni ya wengine, kama mambo mengine mengi yanavyoonekana kuwa ya wengine. Hapo ndipo ninapobishana naye, na nina ushahidi kwenye kamera.

Nilikuwa juu ya kilima usiku mmoja usio na mwezi, na jirani yangu mmoja, mama anayeuza maandazi asubuhi, alikuwa amenifuata na wanawe wawili kuona ninachokifanya. Nilifungua lenzi kwa sekunde 20 nikielekeza kusini. Picha ilipotokea kwenye kioo cha nyuma, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, ilikuwa imesimama wima kutoka upeo wa macho hadi utosini, na nyuma yake mbingu yote ilikuwa na mistari hafifu ya kijani, kama mchanga wa mtoni unavyochorwa na maji. Mama alisogeza uso karibu na kioo. “Baba, huo kijani ni moshi wa nyasi zinazoungua?” Nikamwambia hapana, moshi huelekea rangi ya udongo na wekundu, tena hukaa chini. Akatazama juu, akatazama kioo, akatazama juu tena. “Basi mbona macho yangu hayaoni?”

Jibu lake ni hili, na ningependa kila mwalimu wa Manono alijue. Mchana mwanga mkali wa jua hupasua oksijeni ya juu. Usiku atomi zile hukutana tena, na katika kukutana huko hutoa mwanga. Tabaka lake liko kilomita kama 95 juu yetu na rangi yake ni kijani kilekile cha nuru za kaskazini, chenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7. Mwanafizikia wa Sweden Anders Ångström aliliona hilo tangu 1868: mstari wa kijani alioupima katika nuru za kaskazini ulionekana pia kwenye mbingu tupu, kila upande alikoelekeza chombo chake. Wataalamu huuita mwanga wa hewa. Uko duniani kote, ila ni hafifu mno, na jicho la binadamu gizani halitambui rangi. Kamera haichoki, inakusanya kwa sekunde 20 kile ambacho jicho hukiacha kipite.

Kuna jambo zaidi, nalo linatuhusu sisi hasa. Juu kabisa, kilomita 250 na kupita, oksijeni iliyochajiwa umeme hutoa wekundu. Karibu na ikweta ya sumaku, ambayo kwa upande wetu wa Afrika hupita juu ya Ethiopia, hewa hiyo yenye umeme huinuliwa juu kisha huteremka pande mbili, kaskazini na kusini, ikirundikana takriban nyuzi 15 kutoka kwenye mstari huo. Pima kwenye ramani: Manono iko karibu kabisa na rundo la kusini. Baadhi ya usiku, saa za mwanzo baada ya jua kuzama, picha zangu hutoka na wekundu mpana ambao hakuna taa wala moto wa kuueleza. Anayepiga picha Tromsø ana pazia lake. Sisi tuna zulia letu, limetandikwa juu yetu na halihitaji dhoruba.

Na tuna kitu ambacho Tromsø haitakiona kamwe. Kitovu cha Njia Nyeupe, moyo wa kundi zima la nyota ambamo jua letu ni moja tu, kiko upande wa kusini wa mbingu, kati ya Nge na Mshale. Kule kaskazini ya mbali hakichomozi hata siku moja. Paris kinachungulia chini, kwenye moshi wa mji. Manono, usiku wa mwishoni mwa mwezi wa sita, kinapita karibu na utosi saa sita usiku, na mwishoni mwa mwezi wa saba kinafika hapo saa tatu na nusu, wakati watoto bado wako macho. Nge amejikunja na nyota yake nyekundu Antares kifuani, Msalaba wa Kusini umeanza kulala upande wa magharibi, na katikati kuna mabaka meusi ya vumbi la angani ambayo watu wa miji mikubwa huyaona vitabuni tu. Usiku mwafaka, usio na mwezi, mwanga wa Njia Nyeupe huonekana hata kwenye maji ya machimbo yaliyofurika.

Kuipiga picha si uchawi wala si kazi ya matajiri. Inahitaji kamera inayokubali kuongozwa kwa mkono, au simu nzuri ya siku hizi yenye uwezo wa kupiga usiku, na kitu cha kuishikilia isitikisike. Stendi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, ya fundi seremala wa hapahapa. Lenzi pana hufunguliwa kabisa, ISO huwekwa 3200, na muda usizidi sekunde 20 kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa na nyota zitageuka vistari. Umbali wa kulenga haupimwi na mashine gizani. Unaitafuta nyota inayong'aa, unaikuza kwenye kioo, unageuza lenzi polepole mpaka iwe nukta ndogo kabisa. Tochi hufunikwa kwa kitambaa chekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza, maana yakishaguswa na mwanga mweupe huchukua nusu saa kuyarudisha. Karibu na mto Lukushi umande hutua juu ya lenzi, kwa hiyo kitambaa cha pamba hakikosi mfukoni. Na ni lazima kuwahi: moto wa nyasi ukishashika kasi, kufikia mwezi wa nane na wa tisa mbingu ya chini inakuwa ya kahawia.

Mwenye kamera asitoke usiku kimyakimya pia. Kwa yaliyotupata wakati wa vita, watu wana haki ya kumwogopa mtu anayetembea gizani na mashine. Mimi humpa taarifa shefu wa mtaa na kituo cha polisi cha karibu, nabeba kitambulisho, naonyesha picha za siku zilizopita. Mlango hufunguka. Mara nyingine askari mwenyewe huomba atazame.

Sasa kuhusu betri. Wapiga picha wa nuru za kaskazini wote wana desturi moja: betri za akiba hukaa ndani kabisa ya koti, karibu na mwili, maana kwenye baridi kali betri iliyojaa huzima baada ya muda mfupi. Ndani ya betri ni lithiamu inayosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine kupitia majimaji, na majimaji yakipoa sana safari hiyo huwa nzito. Lithiamu hiyo ni jina la Manono siku hizi. Chini ya machimbo ya zamani ya bati, katika miamba ya Roche Dure na jirani zake, kuna hazina ya lithiamu inayohesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa za mwamba mgumu duniani. Kwa ajili yake makampuni ya Australia, China na Marekani yamefika, na ugomvi wa leseni umepelekwa hadi kwenye usuluhishi wa kimataifa. Sitauingilia ugomvi huo hapa. Nasema tu kwamba jiwe kama letu ndilo linaloiwezesha dunia kupiga picha usiku, na ni haki watoto wetu nao wapate kamera, chaji na mbingu ya kupiga.

Nikirudi kwenye ombi langu la taa, najua nitakachojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa uso kwa uso. Mzee mmoja aliyefanya kazi migodini enzi za kampuni ya bati ya Zaïrétain aliniambia: “Mwanangu, giza tumelikaa miaka mingi. Usije ukatuletea habari za kulipenda.” Maneno yake yana uzito, na namheshimu. Manono ilikuwa mji wa taa. Géomines ya Wabelgiji ilianza kuchimba bati hapa mwaka 1919, na katika miaka ya 1930 likajengwa bwawa la Piana Mwanga kwenye mto Luvua ili kuendesha mitambo. Wazee wanakumbuka barabara zenye miti na taa, sinema, maji ya bomba. Kisha bei ya bati ikaanguka, kampuni ikafa katika miaka ya 1980, na vita vya 1998 hadi 2003 vikageuza mji kuwa uwanja wa mapambano. Mitambo ya Piana Mwanga ikanyamaza. Baadaye tukajikuta kwenye kile kilichoitwa pembetatu ya kifo, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, ambako jua likizama kila mtu alihesabu watoto wake na kufunga mlango. Kwa watu waliopita hapo, giza ni hofu, ni uzazi kwa mwanga wa simu, ni daktari anayeshona jeraha huku muuguzi ameshika tochi.

Mitambo ya jua ya megawati 1 iliyozinduliwa mwaka 2018 ilionyesha mwanga kidogo unavyoweza kubadilisha mtaa. Katika nchi ambayo kiasi cha mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, ningekuwa mkatili kama ningesema tungoje. Sisemi tungoje, wala sisemi taa ziwe chache hospitalini, shuleni, sokoni au kwenye njia ya wanawake wanaotoka kuuza usiku. Nasema habari ya kofia ya taa tu.

Taa isiyofunikwa hugawa mwanga wake pande zote. Sehemu inaanguka barabarani, sehemu inamchoma macho anayepita, sehemu inapaa moja kwa moja juu, ambako hakuna mtu, hakuna njia, hakuna mwizi. Mwanga huo wa juu umelipiwa kama ule wa chini. Ukifika kwenye vumbi, moshi na unyevu wa hewa hutawanyika na kurudi kama ukungu mweupe unaofunika nyota, na katika kiangazi chetu chenye vumbi jekundu athari hiyo huwa kubwa zaidi. Mwanga wenye buluu nyingi hutawanyika kuliko wa manjano, kwa sababu ileile inayofanya mbingu ya mchana iwe ya buluu. Hivyo taa inayotufaa iko wazi: imefunikwa juu na pembeni, rangi yake ni ya manjano ya joto, Kelvini 3000 au chini ya hapo, nguvu yake inatosha kazi iliyowekewa na haizidi, na mahali ambapo watu wamelala inapunguzwa usiku wa manane.

Anayehofia usalama na asimame chini ya taa kali isiyofunikwa, kisha ajaribu kumtambua mtu aliyesimama hatua kumi nyuma ya taa hiyo. Hataweza, maana jicho limepofushwa. Chini ya taa iliyofunikwa unaiona ardhi, unamwona mtu, unauona uso wake. Nimelijaribu hilo na walinzi wa usiku wa jengo moja ambalo taa zake zilielekezwa mbele kama za gari. Tulikunja kipande cha bati, tukakifunga juu ya taa moja. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyeomba ya pili ifungwe vilevile, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliuona ukuta wa upande wa pili wa barabara. Mimi kwenye picha yangu ya usiku uleule nilizipata tena nyota za chini upande huo.

Yanayotokea tusipojali yameshapimwa kwingine. Ramani ya mwanga bandia iliyotolewa na wanasayansi mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya mbingu iliyochafuliwa kwa mwanga, na theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe wanakoishi. Ulaya ni asilimia 60 ya watu, Amerika ya Kaskazini karibu asilimia 80. Utafiti wa mwaka 2023, uliotumia macho ya maelfu ya watu waliotazama nyota, ulikadiria kwamba mng'ao wa mbingu za usiku umekuwa ukiongezeka karibu asilimia 10 kila mwaka. Mtoto anayezaliwa akiona nyota 250 anaweza kufika miaka 18 akiona 100. Hao waliopoteza ndio leo wanaopanda ndege kwenda kutafuta giza la watu wengine.

Na wapo waliowahi mapema. Kisiwa cha La Palma, Hispania, kimelindwa na sheria ya mbingu tangu 1988, na taa za vijiji vyake zinatazama chini. Afrika Kusini ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kulinda maeneo ya elimu ya nyota, na kule Sutherland, mji mdogo wa baridi kali, darubini kubwa na wageni vinakaa pamoja na wafugaji wa kondoo. Hifadhi ya NamibRand nchini Namibia ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya mbingu ya giza. Kenya, Susan Murabana na wenzake huzungusha darubini shule kwa shule, na mtoto wa kijijini huziona pete za Zohali kwa jicho lake. Lubumbashi, nchini mwetu, mpiga picha Sammy Baloji amekwisha kuonyesha kwamba kamera ya mtoto wa Katanga inaweza kusimulia habari za migodi yetu kwa dunia nzima. Hakuna linalozuia kamera nyingine ya Katanga kusimulia mbingu iliyo juu ya migodi hiyo.

Wala watu wa mkoa wetu si wageni wa kuutumia usiku. Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, wavuvi wa ndagala huingia majini na taa usiku usio na mwezi, na mwezi ukijaa hupumzika, kwa sababu samaki huifuata taa pale tu ambapo giza ni giza. Kalenda yao na yangu ni moja. Wakulima wetu walijua msimu kwa nyota za Kilimia kabla ya redio. Waislamu hutazama magharibi kuuona mwezi mwandamo. Mvua za kwanza zinaponyesha, kumbikumbi huja kwenye taa na watoto huwakusanya kwa ndoo. Kila mmoja wa hao ana haja na usiku wenye giza lake na mwanga wenye mahali pake.

Kwa hiyo nazungumza na watu watatu. Kwanza, wahandisi wa makampuni yanayokarabati Piana Mwanga na kujenga kwenye machimbo: andikeni sharti la taa zilizofunikwa katika zabuni zenu, na taa kubwa za yadi zielekezwe kwenye kazi, zizimwe kazi ikiisha. Mbingu ya Manono haimo katika leseni ya mtu yeyote. Pili, viongozi wa mji na wa teritwari: mnaweza kulifanya hili kwa agizo moja la kurasa chache, na litapunguza bili ya taa za barabarani tangu mwezi wa kwanza. Liwekeni pamoja na masharti ya barabara na ya maji, maana ni la aina hiyo. Tatu, vijana wenzangu wenye simu na kamera: tokeni kiangazi hiki, kwa ruhusa na kwa pamoja, mpige picha kila mtaa usiku kabla ya taa kufika. Andikeni tarehe, saa na mahali. Taa zikishafika, rudini palepale mpige tena, tuzilinganishe picha hizo mbele ya watu wote shuleni na sokoni. Hapo hakuna atakayetuambia kwamba hapakuwa na kitu.

Kofia ya bati juu ya taa ni gharama ndogo leo, fundi akiwa bado amesimama chini ya nguzo na vifaa mkononi. Tukingoja mpaka taa zijae mji mzima, itahitaji bajeti, kamati na mfadhili, na kizazi kizima cha watoto kitakuwa kimekua bila kuuona moyo wa Njia Nyeupe ukipita juu ya nyumba zao. Umeme na uje, hata kesho. Uje na kofia zake.